Maswali na majibu: Cheo cha Duke wa Aosta humwendea nani?

Duke wa Aosta aliyezikwa Nyeri hakuacha mtoto. Nani alimrithi?

Nani kasema hakuacha mtoto? Aliacha wawili, Margherita na Maria Cristina. Duke huyo, Amedeo, aliyetawala Afrika Mashariki ya Waitaliano kwa niaba ya mfalme, alijisalimisha kwenye mlima Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mfungwa wa vita. Kanuni za ukoo wa Savoy, uliokuwa ukoo wa kifalme wa Italia, zilihesabu wanaume peke yao, basi mabinti wakarukwa na cheo kikamwendea baba yao mdogo, Aimone. Huyo alipofariki 1948 kikamwangukia mwanawe, Amedeo mwingine, akiwa na miaka 4 tu. Amedeo alifariki 2021, na sasa kinashikwa na mwanawe Aimone, aliyezaliwa 1967.

Barua za "hakuacha mtoto" nimezichoka. Binti ni mtoto. Mkiuliza, semeni hakuacha mwana wa kiume.

Serikali ya Italia humthibitisha Duke mpya?

Hapana. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948 haitambui vyeo vya kikabaila. Kanuni ninazozitaja hapa ni za ukoo.

Nimeahidiwa cheo cha ukoo wa kifalme kwa malipo. Nilipe?

Usilipe hata senti.

Kwa hiyo Aimone ndiye mkuu wa ukoo wote?

Unachanganya mambo mawili. Cheo cha Duke wa Aosta ni cha tawi moja la ukoo. Ukuu wa ukoo ndio unaogombewa. Mwaka 2006 baba yake Aimone alijitangaza mkuu, akidai Vittorio Emanuele, mwana wa Umberto II, mfalme wa mwisho, alipoteza haki kwa kuoa mwaka 1971 bila idhini ya baba yake. Vittorio Emanuele hakukubali. Alifariki Februari 2024, na dai lake sasa liko kwa mwanawe, Emanuele Filiberto.

Mbona inasemwa msichana anaweza kurithi?

Kwa sababu mwishoni mwa 2019 Vittorio Emanuele alibadili kanuni: mzaliwa wa kwanza arithi, awe mume au mke. Tawi la Aosta lilikataa. Mimi naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote, ila wakati wake unanikera. Emanuele Filiberto ana mabinti wawili tu, Vittoria na Luisa. Ndipo babu yao alipoona kwamba binti anafaa. Mwaka 1942 Margherita alikuwa na miaka 11, Maria Cristina 8, na hakuna aliyegusa kanuni kwa ajili yao.