Chipsi za jioni huanzia mchana

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mzazi aliyenaswa na chipsi mayai, soda na biskuti aanzie wapi kujinasua na kurudisha afya ya mwili? Aanzie saa saba mchana. Wengi huapa kutopita kibandani jioni, ilhali njaa ile imepikwa tangu asubuhi: chai ya sukari na maandazi mawili, mchana hakuna kitu, kisha daladala, kisha harufu ya mafuta kituoni. Hapo hakuna kiapo kinachosimama.

Mlo wa mchana ushibishe kweli. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari. Robo maharage, kunde, samaki au dagaa. Robo iliyobaki ugali wa dona au wali. Nguzo ni maharage. Loweka kilo moja Jumamosi usiku, mwaga maji yale, chemsha Jumapili, gawa kwenye vikopo: vya siku mbili tatu kwenye friji, vingine kwenye friza. Saa kumi, kabla ya kutoka kazini, ndizi moja na konzi ya karanga zisizo na chumvi. Kitu kidogo hiki kimeokoa wengi kuliko kiapo.

Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku, kwa hiyo chupa moja tu imeshavuka. Anayekunywa tatu kwa siku asizikate zote kwa mpigo, hasa za kola: zina kafeini, na kichwa kitamuuma ndani ya siku moja, adhani mwili unadai sukari. Apunguze moja kila baada ya siku nne. Na asihamie juisi ya boksi. Sukari ni ile ile.

Chipsi zibaki mara moja kwa wiki, mchana, sahani moja watu wawili. Kiazi kikikaangwa hupoteza maji na kunywa mafuta, ndiyo maana gramu 100 za chipsi huweza kubeba kalori zaidi ya mara tatu ya kiazi cha kuchemsha. Akiteleza Jumatano, Alhamisi ale kama kawaida; akijinyima kutwa kujiadhibu, jioni atajikuta kibandani tena.

Kuna mtego wa wazazi peke yao: makombo ya watoto, na biskuti zilizonunuliwa "za shule" ambazo mama au baba huzimaliza saa nne usiku. Makombo yaingie kwenye bakuli lenye mfuniko pale pale mezani. Biskuti zinunuliwe paketi moja moja, siku ya kutumika.

Mazoezi asianze na kukimbia. Uzito mkubwa juu ya misuli iliyolala huumiza magoti na miundi, na wiki ya pili mtu ameacha. Atembee dakika 10 baada ya kila mlo, kwa kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Kufikia wiki ya tano ziwe dakika 30 kwa mkupuo mmoja, siku tano kwa wiki. Mara mbili kwa wiki, akae na kuinuka kitini bila kushika popote: mara nane, apumzike dakika mbili, raundi tatu. Kisha asukume ukuta kwa mikono idadi hiyo hiyo.

Mizani isimtawale, uzito hupanda na kushuka kwa maji na chumvi. Akate kamba yenye urefu wake, aikunje katikati, aizungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, tumbo bado ni kubwa. Apime kila mwezi.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari apite kliniki kabla ya yote haya. Dozi ile ile kwa chakula kidogo na mwendo mwingi huweza kushusha sukari ghafla: mikono hutetemeka, jasho la baridi hutoka, hata kuzimia. Aende na daftari la alichokula na kunywa kwa wiki nzima, ili dozi ipangwe upya kabla hajabadili chochote.