Andika saa kwenye lebo

Wadogo zangu mlioanza mwezi huu kwenye utafiti wetu wa damu na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), jana nimekuta kwenye raki tyubu saba zilizoandikwa "asubuhi". Asubuhi ipi? Ya saa moja au ya saa tano? Nimelala vibaya kwa sababu hiyo, basi nisikilizeni.

1. BDNF (protini inayolisha seli za ubongo) ya seramu (maji ya damu iliyoganda) na ya plazma (maji ya damu iliyozuiwa isigande) msizichanganye. Damu ikiganda, chembe sahani huimwaga BDNF, kwa hiyo kifuniko chekundu (seramu) kitakupa namba kubwa kuliko cha zambarau (plazma).

2. CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) ikivuka miligramu 10 kwa lita, kabla hujaitaja sonona muulize mtu homa, jino, kidonda. Mpime na malaria. Mpime uzito pia, maana mafuta ya mwili hutoa IL-6, kemikali inayopandisha CRP.

3. Kortisoli, homoni ya msongo. Hapa nina deni.

Mwaka wangu wa kwanza, wagonjwa wa kliniki walifika alfajiri kuwahi namba, nikawatoa damu saa mbili. Kundi la kulinganishia walikuwa wanachuo, wanatoka vipindini saa tisa alasiri. Miezi minne hivyo. Majibu yakatoka, wagonjwa wako juu kabisa, nikaanza kuandaa bango la mkutano. Msimamizi akapitia jedwali, akauliza: "Hawa uliwatoa saa ngapi?" Nilipojibu, alifunga kompyuta. Kortisoli hufika kileleni kama nusu saa baada ya mtu kuamka, halafu hushuka kutwa nzima hadi usiku wa manane. Tofauti niliyoishangilia huenda ilikuwa ya saa tu, na hapakuwa na njia ya kujua.

Bango halikuniuma. Kulikuwa na mama wa Mbagala aliyepanda daladala saa kumi na moja alfajiri. Mshipa ulikataa, nikamchoma mara tatu. Akakunja mkono, pamba imeloa, akasema, "Chukua tu mwanangu, labda itamsaidia binti wa mwenzangu." Damu yake haikumsaidia yeyote, na kosa ni langu.

4. Umeme ukikatika, jokofu la nyuzi hasi 80 lisifunguliwe.

5. Mtu akiuliza kama damu itaonyesha ana sonona, mwambieni ukweli: kipimo hicho bado hakipo. Cha deksamethasoni (unampa mtu dawa hiyo, unaangalia kama kortisoli yake inashuka) kilitegemewa sana miaka ya 1980, kikashindwa. Na akijibu "ndiyo" swali la tisa la PHQ-9 (dodoso letu la sonona; swali hilo linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru), acheni sindano, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Tyubu saba ziko raki ya juu. Aliyezitoa aje na daftari lake kabla ya saa nne, tutafute saa zake pamoja.