The Dukes of Stratosphear hawakuwa bendi ya miaka ya 1960

Umeisikia santuri ya 25 O'Clock ya The Dukes of Stratosphear, ukadhani ni ya bendi ya 1967. Hapana ndugu yangu, santuri hiyo ilitoka tarehe 1 Aprili 1985. The Dukes of Stratosphear ni XTC wenyewe, ile bendi ya roki ya Swindon, Uingereza, wamejificha nyuma ya majina ya kubuni. Andy Partridge alijiita Sir John Johns, Colin Moulding akawa The Red Curtain, Dave Gregory akawa Lord Cornelius Plum. Ngoma alipiga Ian, ndugu yake Dave.

Masikio yako hayana kosa hata kidogo, maana walikusudia usikie hivyo. Santuri ile ya kwanza, 25 O'Clock, ina nyimbo 6 tu, na prodyuza John Leckie aliirekodi haraka kwa bajeti ndogo. Sikiliza gitaa zilizogeuzwa zikalia kinyumenyume, sauti zinazohama kutoka spika moja kwenda nyingine, na melotroni, kile kinanda ambacho kila kibao chake huchezesha utepe uliorekodiwa filimbi au fidla. Lakini mbinu peke yake zisingetosha. Hawa watu walikulia kwenye muziki wa miaka ya 1960 wakaupenda, na mapenzi hayo yanasikika katika kila kiitikio.

Albamu kamili, Psonic Psunspot, ilifuata 1987. Mimi naipenda zaidi, nyimbo zake zina simulizi tamu. Ila wewe anza na 25 O'Clock, kisha usikilize Skylarking ya XTC, ya 1986. Utawatambua Dukes humo.