Logan Pass kwa baiskeli: panga saa kwanza, kisha breki

Wengi wanaopanga kupanda Going-to-the-Sun Road kwa baiskeli, ile barabara ya kilomita 80 inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Glacier huko Montana, Marekani, hujiandaa kwa kilima. Wanajichosha miguu kwa mazoezi ya miezi, kisha wanakwamishwa na mambo yasiyohusu miguu kabisa: wamechelewa kuondoka asubuhi, au wamefika kileleni na jezi moja iliyolowa jasho. Kilima chenyewe ni kipole kuliko sifa zake. Kinachowashinda watu ni saa, na ule mteremko wa kurudi.

Upole huo una sababu. Mchoro mmoja wa awali ulitaka barabara ipande kwa kona 15 za kujirudia. Thomas Vint, msanifu wa mandhari, alipendekeza barabara ichongwe ubavuni mwa mwamba wa Garden Wall, na kona ya kujirudia ibaki moja tu. Kona hiyo ndiyo The Loop. Barabara ilizinduliwa rasmi mwaka 1933, na mpaka leo kutoka The Loop hadi Logan Pass, kilele cha barabara, kama kilomita 13, mwinuko hauzidi sana asilimia 6. Hukutani na kipande cha ghafla cha kukuvunja goti, ila pia hupati tambarare ya kupumzikia. Kwa hiyo unachohitaji ni gia nyepesi na subira.

Hesabu ya gia ni rahisi. Ukiwa na sproketi ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 34, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, yaani kama mita 2.1. Kanyaga mizunguko 60 kwa dakika, utakwenda kilomita 7.5 kwa saa, na mtu wa kawaida anaweza kudumu na mwendo huo asubuhi nzima. Sasa chukua baiskeli ya resi ya zamani yenye 39 mbele na 25 nyuma: mwendo uleule unakulazimisha ukanyage mizunguko 38 tu kwa dakika, kila mmoja mzito. Dakika kumi utavumilia. Saa mbili baadaye magoti yatakudai. Kubadilisha kaseti, yaani seti ya sproketi za nyuma, kabla ya safari ni gharama ndogo, lakini muulize fundi kama direla yako, kile kifaa kinachohamisha cheni, inaweza kubeba meno 34. Nyingi zenye mkono mfupi haziwezi, na cheni nayo itabidi iongezwe pingili.

Kuhusu hewa, Logan Pass iko mita 2,026 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea Eldoret hatahisi kitu. Anayetoka pwani atahema zaidi kidogo, basi.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Upande wa magharibi hifadhi huzuia baiskeli wakati wa msimu wa magari mengi, kuanzia tarehe 15 Juni hadi Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni hakuna baiskeli kati ya njiapanda ya Apgar, mwanzoni mwa Ziwa McDonald, na kambi ya Sprague Creek, kwenda wala kurudi. Na katika saa hizohizo huruhusiwi kupanda kutoka Logan Creek, mbele zaidi ya kambi hiyo, hadi Logan Pass. Hifadhi yenyewe inakadiria dakika 45 kutoka Sprague Creek hadi Logan Creek, halafu saa 3 hadi juu. Jumlisha, utaona kwamba anayepita Sprague Creek saa 1:15 asubuhi hana hata dakika moja ya kuziba pancha. Ondoka Apgar saa 11:30 alfajiri. Mwezi wa Juni kunakuwa kumeshaanza kupambazuka, ila msituni kando ya Ziwa McDonald bado kuna kiza, kwa hiyo taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ziwe zinawaka.

Upande wa mashariki, kutoka St. Mary, hauna zuio hilo. Ni kama kilomita 29 na kupanda ni kidogo zaidi ya mita 650. Adui wa huko ni upepo: hushuka kutoka mlimani na kukupiga usoni ukiwa kando ya Ziwa St. Mary, ambako barabara ni karibu tambarare na ulitegemea kwenda kasi. Huko nako alfajiri ndiyo nafuu.

Ukiniuliza wakati bora, nitasema majira ya kuchipua, kabla barabara haijafunguliwa kwa magari. Mitambo ya kuondoa theluji huanza kazi karibu na Aprili, na barabara nzima kwa kawaida hufunguliwa kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Katika kipindi hicho waenda kwa miguu na baiskeli huruhusiwa kupita kizuizi cha magari, mara nyingi pale Avalanche Creek, kilomita 26 kutoka kileleni. Barabara pana, kimya, maji yanamwagika kutoka kila mwamba. Soma tangazo la hali ya barabara asubuhi ya safari, kwa sababu kuna vizuizi vya aina mbili: kimoja kinawekwa mafundi wakiwa kazini, na mwisho wa juma husogea juu, kingine ni cha hatari ya maporomoko ya theluji, hicho hakivukwi siku yoyote. Usitegemee kupata maji juu. Beba chupa mbili za mililita 750 na chakula cha saa tano. Tende kubwa tatu au nne kwa kila saa zinakutosha, na hazigandi kama chokoleti.

Mteremko sasa. Ukiwa kileleni mwezi wa Juni jotoridi linaweza kuwa nyuzi 5 tu, umelowa jasho, na utashuka karibu saa nzima bila kukanyaga pedali. Kinachoganda kwanza ni vidole, na vidole vilivyoganda havivuti breki. Beba koti la kuzuia upepo, fulana kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, kofia nyembamba ya kuvaa chini ya helmeti, na glavu za vidole vizima. Badilisha fulana mara tu unaposimama, kabla hata ya kupiga picha, maana dakika kumi za kukaa na nguo mbichi hazirudishiki.

Breki usizishikilie mfululizo. Vuta zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha zipoe, vuta tena. Ukikandamiza kidogokidogo njia nzima, rimu inapata moto, na rimu za kaboni zinaweza kulainika. Diski nazo huanza kulia na kupoteza nguvu. Kagua padi nyumbani: mistari ya raba ikiwa imefutika, au padi ya diski imebaki na chini ya milimita 1 ya tabaka lake la kusugua, weka mpya. Tairi la milimita 28 au 32 linafaa kuliko la 23, kwa sababu chini ya Weeping Wall, mwamba unaomwaga maji barabarani, njia huwa imelowa na vijiwe vya mwambani hulala upande huohuo unaoshukia. Marekani hupita kulia, kwa hiyo anayeshuka kuelekea magharibi yuko upande wa mwamba, na anayepanda yuko upande wa bonde. Aliyezoea kushoto ajikumbushe kila anapoondoka kituoni.

Dubu wapo, wakiwamo grizli. Baiskeli ni kimya na ina kasi, mchanganyiko mbaya kwenye kona usiyoona ng'ambo yake. Piga kelele kwa sauti ya mtu, si kengele. Kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu lifungwe kwenye fremu au kifuani, mkono uifikie bila kushuka. Likiwa kwenye begi la mgongoni ni mzigo tu. Halipandi ndege, hata kwenye shehena, kwa hiyo linunue au likodi hukohuko. Sheria ni kukaa angalau mita 91 kutoka kwa dubu. Akiwa barabarani, simama, rudi nyuma polepole, subiri.

Kushuka kutoka Logan Pass hakuna zuio la saa, na hapo wengi hujisahau. Ukifika chini baada ya saa 5 asubuhi, kipande cha Sprague Creek hadi Apgar bado kimefungwa kwako mpaka saa 10 jioni. Simama Lake McDonald Lodge, kabla tu ya kambi hiyo, ule na unyooshe miguu ukisubiri, au panga tangu mapema mwenzako mwenye gari akuchukue hapo.