Simu imesema muhogo mzima, nimeng'oa nakuta umeharibika ndani. Nani mwongo?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Makere, Kasulu, nalifupisha maana lilikuwa refu. Ana ekari moja na nusu ya muhogo. Mwezi wa nane mwanae alipiga picha majani kwa ile programu ya simu ya Nuru inayotambua magonjwa ya muhogo kwa picha, ikajibu hakuna ugonjwa. Wiki mbili baadae mama kang'oa mashina machache ya kupika, kwa nje muhogo umenona vizuri ila akikata anakuta mabaka makavu ya kahawia. Anauliza mambo matatu: simu imemdanganya au vipi, hao wanasayansi wanaosemekana wamekata jeni za muhogo kwa mkasi mbegu yao inapatikana wapi, na watoto wakila muhogo huo kuna madhara?

Mama pole sana. Ulichokiona ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia na wala sihitaji kupanda gari hadi Makere kukuhakikishia. Ukikata muhogo ukakuta doa gumu, kavu, la kahawia au njano chafu katikati ya weupe, halina harufu wala halitoi maji, basi ndo wenyewe huo. Ule unaooza kwa maji kutuama shambani unakuwa laini na unanuka, hata kuku ukimtupia anausogelea kwa mashaka. Hivi viwili watu wanavichanganya sana, mtu anachimba mitaro ya maji shamba zima kumbe tatizo lake ni kirusi.

Sasa la simu. Nuru ilitengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State kule Marekani wakishirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na picha za kuifundishia zilipigwa humuhumu nchini, Bagamoyo. Utafiti wao wa kwanza ulitoka 2017, walitumia picha 2,756 za majani, na kwa picha walizoitahinia akili mnemba yao ilipatia asilimia 93 kwa ujumla, michirizi ya kahawia peke yake ikafika 98. Watu wakashangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ila picha za kwenye seti ya mtihani ni picha zilizokaa vizuri, mwanga upo, jani limejaa fremu, na dalili ipo pale inaonekana. Shambani siyo hivo. 2020 ukatoka utafiti mwingine walioipeleka kwenye mimea yenyewe, ikapata asilimia 65. Walipoipa majani sita ya shina moja badala ya jani moja ndo ikapanda, 74 hadi 88.

Afu kwenye utafiti huohuo walitupima na sisi. Mabwana shamba na mabibi shamba tulipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Kwahiyo mtu wa idara yangu akija kuicheka simu yako mbele yako muulize kwanza yeye alipata ngapi.

Ila kwako wewe shida kubwa zaidi ni mwezi wa nane. Michirizi ya kahawia ina tabia tofauti na batobato, ule ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo. Batobato inajitangaza, jani changa la juu linajikunja, linapata madoa ya njano na kijani, mtoto wa darasa la tatu anaiona toka barabarani. Michirizi inaanza chini, kwenye majani makubwa yaliyokomaa, unaona unjano unafuata mishipa midogo ya jani, wakati mwingine umefifia kiasi kwamba unadhani ni jani kuzeeka tu, na kwenye shina bichi unaweza kuona mistari ya kahawia inayoelekea zambarau. Sasa Kasulu kufika mwezi wa nane mvua ilishakata toka mwezi wa tano, majani ya chini yote yameshapukutika, shina limebaki na kishungi cha majani machanga huko juu yanang'aa kabisa. Mwanao akapiga picha hayohayo. Nuru ikaangalia jani zuri ikasema jani zuri, na kweli lilikuwa zuri. Yenyewe haijui kuna nini chini ya udongo, haijawahi kufundishwa hivo.

Na kuna aina za muhogo ambazo majani hayaonyeshi karibu kitu na mizizi imeharibika vibaya, nyingine kinyume chake, majani ya njano tupu ukikata ndani peupe. Ukitaka uhakika wa jani ambalo halina dalili ni maabara, wanachukua kipande wanapima PCR, kinatafutwa kirusi chenyewe. Mkulima wa ekari moja na nusu hana haja ya huko, kisu kinatosha.

Twende kwenye mkasi. Habari uliyosikia ni ya kweli ila imefika Makere ikiwa imeongezewa chumvi. Mkasi wenyewe ni CRISPR, mbinu ya kukata jeni ndani ya seli, ile iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya kemia 2020. Hata hospitalini imeshaingia: Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia mkasi huohuo kwenye chembe za uboho wa mgonjwa, na Marekani wakafuata mwezi uliofuata, ila bei waliyoitangaza kule ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, yani tiba ipo na sisi tuliojaa selimundu tunaisoma tu kwenye simu.

Kwa muhogo wazo ni hili. Kirusi cha michirizi (viko viwili kwa kweli, ni ndugu) hakina mashine ya kutengeneza protini zake, kinaingia kwenye seli ya muhogo na kudandia protini za muhogo zinazoanzisha hiyo kazi. Mmea una protini kadhaa za namna hiyo, zinafanana, zinasaidiana. Watafiti wakasema je tukiharibu zile ambazo kirusi kinazipenda na kuacha nyingine, si mmea utaendelea kuishi na kirusi kitakosa pa kushika? 2019 wakachapisha majibu: walizima jeni mbili, nCBP-1 na nCBP-2. Dalili zikachelewa, zikawa nyepesi, kirusi kikapungua kwenye mizizi na ule ukahawia wa ndani ukapungua. Nasema ukapungua, haukuisha. Hapo ndo chumvi ilipoongezwa, maana huku mtaani nasikia watu wanasema muhogo usiougua.

Na muhogo wenyewe walioufanyia ni aina inayoitwa 60444. Hiyo ni aina ya maabara, wanaipenda kwasababu inakubali kuoteshwa kwenye chupa kirahisi, ila batobato ikiiona haibakizi kitu. Ungeletewa pingili zake kesho ukapanda Makere ungelia mara mbili. Basi si wachukue aina zetu zinazostahimili batobato wazifanyie hivohivo? Wamejaribu, na hapo kulitokea jambo ambalo binafsi naliona tamu kuliko habari yote ya mkasi. Aina kadhaa zenye kinga kali ya batobato zikipitishwa kwenye ule utaratibu wa maabara wa kuotesha mmea mzima kutoka kwenye seli, zinatoka bila kinga. Zinaingia na kinga, zinatoka hazina, na hakuna aliyezigusa na mkasi. Walikuna vichwa miaka kadhaa mpaka 2022 ndo wakaipata jeni inayohusika: ni ya mashine inayonakili DNA ya mmea (yale maandishi ya urithi ndani ya seli), na kinga inatokana na herufi kubadilika kwenye jeni hiyo. Inaingia akilini ukikumbuka kwamba kirusi cha batobato kimejengwa kwa DNA, kinahitaji kunakiliwa na mashine ya mmea, wakati cha michirizi ni cha RNA, ndugu wa DNA, kinataka zile protini nilizosema juu. Maadui wawili, kila mmoja na mlango wake. Mtu akikuahidi mbegu moja iliyofunga milango yote kwa mkasi, mwambie akuonyeshe shamba.

Usichanganye huo mkasi na GMO ya Kenya. Ile ni kitu kingine, mmea umepewa kipande cha kumbukumbu ya kirusi chenyewe ili kirusi kikiingia utambue na kukikatakata. Mamlaka ya Kenya inayosimamia mambo hayo iliidhinisha 2021 muhogo wa namna hiyo, unaitwa 4046. Sisi huku serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora Dodoma 2018, na hakuna muhogo wa GMO wala wa mkasi unaouzwa Tanzania. Kwahiyo jamaa akipita Kasulu na boda amefunga pingili anasema hizi za wazungu zimekatwa jeni, elfu tano kila fungu, huyo ni tapeli wa kawaida tu.

Kinachonikera kidogo kwenye habari hizi ni kwamba kazi ya zamani inasahaulika. Ugonjwa huu wa michirizi uliandikwa kwa mara ya kwanza 1936, na aliyeandika, mtafiti Storey, alikuwa kituo cha utafiti cha Amani, hapo Tanga. Hawakuwa na mkasi wala PCR. Walichukua muhogo wakauchanganya na ndugu yake, ule mti wa mpira wa Manihot glaziovii, wakarudia kuuchanganya na muhogo wa kawaida kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata unaolika na unaohimili. Mjukuu wa kazi ile bado yupo mashambani kusini, aina ya muhogo inayoitwa Namikonga, na watafiti wa leo wakitaka kinga ya michirizi bado wanamrudia yeye. Wakati ule na miaka mingi iliyofuata iliaminika ni ugonjwa wa pwani, chini ya mita 1,000. Toka 2004 ulipolipuka Uganda imani hiyo ilikufa, 2011 ukaripotiwa Burundi, na Burundi kutoka Kasulu unajua mwenyewe, pingili zinavuka mpaka kwenye baiskeli bila kuulizwa pasi.

Sasa ufanye nini kabla mvua ya mwezi wa kumi na moja haijashika. Shamba hilo usichukue mbegu hata kijiti. Najua inauma maana mashina yanaonekana mazuri na umeshazoea kukata hapohapo na kupanda, lakini ugonjwa huu safari yake ndefu inafanywa na binadamu aliyebeba pingili. Nzi weupe wanaueneza pia, ila kirusi hiki hakikai nao muda mrefu, siku moja mbili kimepotea, kwahiyo wanaupeleka jirani jirani tu. Hii ndo sababu kule Chato walipojaribu kijiji kizima kung'oa muhogo wa zamani na kupanda safi kwa pamoja ugonjwa ulipungua. Ukipanda safi wewe na jirani wa mpakani ana shamba bovu umemlimia nzi. Kaeni hata nyumba tano sita mkubaliane.

Mbegu ulizia kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wanauza mbegu za kuazimiwa ubora, wana karatasi, iombe uione. Ofisi ya kilimo ya halmashauri wanawajua. TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapo Kigoma, watu wengi wanaijua kwa michikichi tu, ila ukienda ukauliza watakuelekeza. Ukiwa na shamba la mtu unayemwamini na huna pesa, basi mwombe ang'oe mashina kama kumi toka kona tofauti, kila muhogo ukate vipande vitatu vinne, siyo kipande kimoja, maana doa linaweza kuwa sehemu moja tu. Ukikuta ukahawia hata kwenye moja ondoka. Ukikuta safi, mashina ya kuchukua mbegu yachague wakati wa mvua yakiwa na majani ya chini, yafunge kitambaa cha alama, na hapo ndo Nuru ina faida: majani sita, ya chini yawemo, na ukishaipakua haikuli bando shambani. Baada ya kupanda pita kila wiki mbili miezi ile ya mwanzo, shina lenye unjano wa mishipa ng'oa bila huruma.

Na uliobaki shambani vuna mapema, usisubiri uzidi kunenepa, unavyokaa ndo ukahawia unavyotanuka. Mashina yake kausha uchomee kuni, jirani akiomba mnyime hata kama ni shemeji.

La watoto nilibakiza mwisho ila ndo jepesi. Kirusi cha muhogo hakimuambukizi mtu wala mbuzi. Sehemu ya kahawia ni chungu na ngumu, ikate tupa, pika iliyobaki nyeupe. Muhogo ulioenea ukahawia kote mpe nguruwe baada ya kuukatakata na kuukausha, usiulazimishe kwenye makopa, unga utakuwa mchungu na mnunuzi atakurudishia gunia zima. Kama muhogo wako ni ile michungu ya kuvundika, zile siku za kuloweka zibaki zilezile hata kama una haraka ya kuokoa shamba. Sumu yake haihusiani na kirusi, ipo kwenye muhogo mzima na mgonjwa vilevile, na hiyo ndo inayodhuru watoto kweli.