Kinamasi ndani ya dumu: namna ya kuwafundisha watoto ardhioevu

Mwambie mtoto wa darasa la nne kwamba ardhioevu ni eneo linalofunikwa na maji kwa muda au mwaka mzima. Ataandika, atakariri, na kwenye mtihani atapata vema. Kisha muulize kile kinamasi cha bondeni nyuma ya shule kina faida gani. Atakujibu kinaleta mbu. Jibu hilo lisikuudhi, ni la mtu aliyeng'atwa. Shida ni kwamba hajawahi kukiona kinamasi kikifanya kazi, na kazi yenyewe haionekani mpaka uitengeneze kwa udogo.

Tafuta dumu la lita 20. Lilaze, kisha mtu mzima akate ubavu ulio juu, ule ulio mbali na mdomo, ili mdomo ubaki upande wa chini. Kingo zilizokatwa zifunikwe kwa utepe wa gundi, maana zinakata vidole. Inua upande wa kitako kwa sentimita 4 au 5. Upande huo ndio mlima: utandaze udongo wa mfinyanzi, kilo 2 hivi zinatosha, ufike katikati ya dumu. Mdomo ndio mto unapotokea, na chini yake weka bakuli. Utahitaji pia kipande cha godoro la sponji chenye unene wa sentimita 3, kilichokatwa kikaenea upana wa dumu, na kopo lililotobolewa matundu kumi kwa msumari. Hiyo ndiyo mvua.

Kabla ya kupima chochote, jaza maji upande wa chini mpaka yaanze kudondoka mdomoni. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa maji yamepotelea wapi.

Mzunguko wa kwanza hauna sponji. Nyunyiza kijiko kikubwa cha udongo wa bustani juu ya mfinyanzi, mimina nusu lita kupitia kopo, na mtoto mmoja ahesabu sekunde. Maji yanafika mbio, mekundu. Futa, badilisha maji, kisha simamisha sponji mahali mfinyanzi unapoishia na urudie. Sasa yanachelewa, na yanayotoka ni pungufu. Watoto wapime wenyewe yaliyo bakulini, watoe kwenye mililita 500. Kilichobaki kimo ndani ya sponji, na wakiikamua watakiona.

Jaribio likikataa, mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu. Sponji kavu haishiki maji mara moja, huelea yakapita chini yake. Ilowanishe kwanza uikamue. Pembeni kukiwa na mwanya, maji yatafuata mwanya, kwa hiyo ziba kwa mfinyanzi. Na ukimimina kwa pupa yatapita juu. Hilo la tatu usilisahihishe. Mimina nusu lita nyingine bila kukamua sponji, watoto waone karibu yote yakipita. Kinamasi kilichokwisha kujaa hakizuii mvua ya pili, na mtoto anayeishi karibu na Jangwani, bonde linalofurika jijini Dar es Salaam, anaelewa haraka kuliko mwalimu.

Bado kuna uongo mmoja wa kuondoa. Mabango mengi yanasema ardhioevu "husafisha maji", basi. Tia rangi ya chakula kwenye nusu lita na uimimine: inatoka na rangi yake. Sponji imepunguza mwendo, tope likatua, lakini kilichoyeyuka kimepita. Kwenye kinamasi halisi, vilivyoyeyuka hupungua kwa sababu mizizi hunyonya virutubisho na bakteria hula uchafu, na yote mawili yanataka muda. Kampala, maji machafu ya jiji hupita kwenye mafunjo ya Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mafunjo yakifyekwa kupanda magimbi na sehemu nyingine ikafukiwa ili kujenga, maji hukata njia yao moja kwa moja, na ule muda haupo tena. Mfuko wa plastiki hausafishwi na kinamasi chochote.

Sasa rudi kwenye mdomo wa dumu. Haukugusa sakafu ya dumu, una kizingiti kidogo, na ndiyo maana uliujazia maji kwanza. Chota vikombe viwili kutoka upande wa chini, kisha nyesha mvua kidogo. Hakitoki kitu. Mvua imenyesha, maji yamo, mto umekauka. Hivyo ndivyo kinamasi cha Ihefu, katika bonde la Usangu mkoani Mbeya, kinavyolisha Mto Ruaha Mkuu. Maji hutokea Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba, mto unasimama. Tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto huohuo huenda Mtera kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80, halafu Kidatu kwenye megawati 204. Waulize watoto nani alichota vile vikombe viwili. Wengine watataja ng'ombe, wengine wakulima wa mpunga. Waulize pia jana usiku walikula nini. Mchele wa Mbeya hauoti juu ya mawe, na somo linaloishia kumfanya mkulima adui halijafika mbali.

Ziara ya kinamasini ifanyike saa moja hadi saa tatu asubuhi, mtu mzima mmoja kwa watoto watano. Saa hizo ndege wako kazini, na hatari ya kichocho ni ndogo kuliko baadaye, ingawa haijaisha. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji baridi hasa jua likiwa kali, kati ya saa nne na saa nane mchana, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mtoto haingii majini. Mtu mzima mwenye glavu ndefu za mpira na gambuti ndiye achote kwa chujio na kumimina kwenye karai jeupe. Watoto wachambue kwa kijiko, kwa sababu maji ya karai ni yaleyale ya bwawa. Aliyelowa akaushwe mara moja kwa kusuguliwa taulo, na mzazi aambiwe ampime baada ya miezi 2 au 3. Penye mamba au kiboko usiende kabisa. Wavuvi wa hapo ndio wa kuwauliza.

Mambo mawili yanatosha kwa ziara moja. Kwanza bua la yungiyungi: likate urefu wa kiganja, lisuuze kwa maji safi ya kunywa uliyokuja nayo, chovya ncha moja kwenye glasi ya maji hayo na mtu mzima apulize. Mapovu yanatoka chini, maana bua lina mirija inayopeleka hewa hadi mizizini. Kisha chimba sentimita 30 kwa jembe. Udongo ni wa kijivu, unanuka yai viza, na kandokando ya mizizi kuna michirizi ya kutu. Ukijivu unatokana na kukosa hewa. Kutu ni mahali hewa ya mzizi imekutana na chuma kilichomo udongoni. Mtoto aliyeona mapovu ataunganisha mwenyewe. Usimtangulie.

Swali la mbu litarudi tu. Kabale, Uganda, watafiti waligundua kwamba mabonde yaliyofyekwa mafunjo na kulimwa yalikuwa na joto zaidi, na mbu wa malaria wengi zaidi, kuliko yale yaliyoachwa na mafunjo yake. Mbu huyo hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, vile vya kwenye nyayo za ng'ombe na mitaro ya mashamba. Mtoto atakuuliza basi nyumbani kwao wanatoka wapi. Nendeni mkatazame nyuma ya choo na kwenye matairi ya zamani. Wengi mtakaowakuta humo ni jamaa wengine wa mbu, si wa malaria, lakini wanauma vilevile.