Tiketi imefungwa, mbona sistimu inaganda tena?

Swali: Wakuu habari za kazi. Niko helpdeski kwenye kampuni ya usambazaji, sistimu yetu ya mauzo inaganda karibu kila mwisho wa mwezi, tunaristati seva (tunaizima na kuiwasha upya) inarudi, tiketi, yaani rekodi ya kila tatizo lililoripotiwa, tunafunga. Sasa meneja mpya anauliza problemu rekodi iko wapi, nimemwonyesha tiketi zote zilifungwa ndani ya muda, anasema hizo ni insidenti tu. Si kazi ileile?

Jibu: Salama mkuu. Meneja yuko sahihi, na wala hajasema mnafanya vibaya. Insidenti ni pale huduma imekatika au imezorota, mtu wa kaunta hawezi kutoa risiti na mteja kasimama, hapo kazi yako ni huduma irudi haraka kwa njia iliyo salama hata kama hujui kilichosababisha. Problemu ni kile kinachozaa hizo insidenti, nacho kipo hata muda huu ambapo sistimu iko poa na kila mtu anauza. Ndo maana unaweza kuwa na tiketi zote zimefungwa na problemu iko wazi kabisa.

Chukua ile ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, ya tarehe 19 Julai 2024. Ilitoka apdeti mbovu, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikapiga skrini ya bluu, safari za ndege zikafutwa, hospitali zikahangaika. Apdeti yenyewe waliiondoa ndani ya saa moja na nusu hivi, ila mashine zilizokwisha kuanguka nyingi ilibidi watu wa IT waziwashe kwa sefu modi (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), wafute faili la namba 291, kisha waziwashe upya, moja baada ya nyingine. Hiyo yote ni insidenti. Lakini kufuta faili hakukujibu faili bovu lilipitaje mpaka likamfikia mteja, hilo walilichimba baadae na ripoti ikatoka Agosti: apdeti ilitaka taarifa 21 wakati programu ilikuwa na 20 tu, programu ikaifuata ya 21 na kusoma memori isikotakiwa, kikaguzi chao hakikunasa kosa, halafu apdeti ikaenda kwa wateja wote kwa mpigo. Wakaongeza ukaguzi na kuanza kutoa apdeti za aina hiyo kwa awamu. Hapo ndo problemu menejimenti.

Sasa kitu ninachokisisitiza sana kwa vijana wa helpdeski, hizi kazi mbili zinavutana. Insidenti inataka uristati sasa hivi, problemu inataka ushahidi, na ukiristati ushahidi mwingi unaufuta kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo kubalianeni na meneja dakika chache kabla ya kuristati, chukua logi (kumbukumbu za matukio ya seva), picha ya matumizi ya CPU na memori, nafasi ya diski, na kwerii, yaani maombi ya data, zinazoendelea kwenye databesi, mkishaziweka pembeni ristati. Bila hivyo mtaristati mpaka mchoke na hakuna mtu atakayejua chochote.

Kwako, kwa kuwa ni mwisho wa mwezi, ningeanza kutazama ripoti za kufunga mahesabu, zile nzito zinazofunga meza (majedwali ya data) za databesi wengine wakasubiri, halafu diski kama imejaa logi. Ila usimhukumu mtu kabla data haijasema.

Fungua problemu moja tu, unganisha tiketi zote za nyuma, andika kabisa kuwa kuristati kunarudisha huduma kwa muda ili hata wa zamu ya usiku asianze kubahatisha, na ikabidhi kwa msimamizi mmoja, ikiwezekana mtu wa databesi au seva, maana wewe simu zitakuzidi. Chanzo kikijulikana, marekebisho yapitie utaratibu wenu wa mabadiliko, msiguse seva ya mauzo mchana kweupe. Na msifunge problemu siku ya marekebisho, subirini mwisho wa mwezi upite, ikiwezekana miwili, ndo mfunge.